Kioo Nilichokitazama Nimesimama

Wauzaji wa vifaa vya umeme wana elimu moja tu, nayo ni kusoma uso wa mteja. Maandishi ya kwenye boksi hawayasomi, na ukiwauliza wanakutazama kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye uliyekuja kuwapotezea muda. Nasema hivi kwa uchungu, maana siku hiyo Korogwe nilisomwa uso, nikasomwa vizuri kabisa, kisha nikauziwa sawasawa na kilichosomwa.

Nina duka la steshenari hapa Handeni mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi za watu ambao hizo kazi hawatazipata, naandaa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kwa miaka mingi niliyafanya hayo yote mbele ya kioo cha kompyuta cha kichogo, lile dude lenye mgongo mkubwa lililomeza nusu ya meza yangu. Lilikuwa zito kiasi kwamba kulihamisha kulihitaji watu wawili na ugomvi mmoja. Lilitoa joto, na paka wa jirani alikuja kulala juu yake kila kulipokuwa na baridi. Vijana waliokuja kutoa kopi walilicheka, nami kidogo kidogo nikaanza kulionea aibu. Siku moja lilitoa harufu ya kuungua, likazimika katikati ya barua ya mtu. Sikusikitika hata kidogo. Nilimwandikia yule mteja barua yake kwa mkono, nikafunga duka, nikapanda basi la Korogwe.

Duka la yule bwana aliyeniuzia nililijua kabla sijaliona, maana nje aliweka spika mbili zilizokuwa zinawatukana wapita njia kwa muziki. Ndani, ukuta mzima ulikuwa vioo, na vyote vilionyesha kitu kimoja: kasuku mwekundu, kisha nanasi linakatwa, kisha kasuku tena. Mwenye duka alivaa shati lililonyooka kwa pasi kuliko maneno yake. Akaniita dada mkubwa. Akaniuliza nafanya kazi gani, na hapo ndipo nilipojiuza mwenyewe kabla sijauziwa. Badala ya kusema nina duka la steshenari, nilimwambia mimi ni mtu wa grafiki. Mtu wa grafiki! Kwa sababu ya kadi za harusi zenye maua pembeni. Yule bwana akanitazama kidogo, akajua kwamba mbele yake amesimama mwanamke anayetaka kuheshimiwa, akanipeleka moja kwa moja kwenye kioo kikubwa kuliko vyote.

Juu ya kaunta vilikuwa viwili. Kimoja kipya, inchi ishirini na saba, kinang'aa, bado kimevaa nailoni yake. Cha pili kilikuwa mtumba wa inchi ishirini na mbili uliotoka kwenye ofisi fulani, uso wake hauna mng'aro, mguu wake umekwaruzwa, na nyuma kuna kipande cha gundi palipokuwa na kibandiko cha mwenyewe wa zamani. Nikauliza vinatofautiana nini. Akanijibu kwamba kile kikubwa ni LED, na kile kingine ni cha kizamani.

Leo najua kwamba jibu hilo halikunieleza chochote. Vioo vyote viwili vilikuwa na taa hizo hizo. LED ni taa inayowaka kwa nyuma, basi. Kinachotengeneza picha ni kile kilicho mbele ya taa, na juu ya hicho bwana yule hakutamka neno. Alikuwa ananiuzia nyumba kwa kunisifia balbu. Nami, mtu mzima mwenye leseni ya biashara ukutani, niliitikia kwa kichwa na kusema eti LED ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Akasifia inchi. Hakuniambia kwamba nukta zinazochora picha katika vioo vile viwili idadi yake ilikuwa ile ile, na kwamba ukizitandaza kwenye kioo kikubwa herufi zinakuwa na meno ya msumeno. Ni sawa na uji ulioongezwa maji kwa sababu wageni wamefika: sufuria inajaa, shibe haiongezeki. Akasifia hertz, yaani kioo kinachora picha upya mara ngapi kwa sekunde moja, jambo linalowahusu vijana wanaocheza mpira wa kwenye kompyuta. Barua ya kwenda kwa mtendaji wa kata haikimbii popote. Akasifia wembamba wake, kana kwamba nimekuja kununua chapati. Kila alichosifia nilikiitikia, na kila nilipoitikia alipata nguvu ya kusifia kingine.

Swali la maana lilikuwa moja tu, nalo sikuliuliza: kioo hiki, nikikitazama kutoka juu, chini na pembeni, rangi zinabaki zile zile? Sikuliuliza kwa sababu sikujua kwamba ni swali. Nilikuwa nimesimama mbele yake, wima, kwenye umbali ule ule alionisimamisha yeye, namtazama kasuku. Kasuku alikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Nikamnunua kasuku.

Nilirudi Handeni nimepakata boksi, na safari nzima sikulala usingizi kwa furaha ya kuulizwa. Kila aliyepanda aliuliza ni tivii ya inchi ngapi, nami nilimsahihisha kwa sauti ya upole kwamba si tivii, ni kioo cha kazi, LED. Nilipokipandisha mezani, duka lilibadilika likawa ofisi. Nailoni sikuitoa. Watu wa kwetu hatutoi nailoni. Rimoti tunaitumia ndani ya nailoni yake mpaka vitufe vinafutika, godoro tunalilalia na nailoni yake mpaka inapasuka yenyewe usiku na kutuamsha, na mtu akikuta umeitoa anadhani umenunua mtumba. Basi kioo changu nacho kilikaa ndani ya nailoni, na jioni nilikifunika kitambaa cha kufuma. Hivi ndivyo mtu wa grafiki alivyofanya kazi.

Haikupita muda akaja shangazi yangu.

Huyu ni dada mkubwa wa baba, anakaa Kwedizinga, analima mahindi na muhogo. Mume wake alikuwa mkata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, mtoto wa watu waliokuja kutoka mbali kwa ajili ya kazi hiyo na hawakurudi tena kwao. Alifariki zamani, mimi nikiwa msichana mdogo. Shangazi hakuolewa tena na wala hakulieleza jambo hilo kwa mtu yeyote. Kwa miaka ya karibuni alikuwa anaugua presha ya macho. Hospitali walimpa dawa ya matone, wakamwambia ukweli bila kuuzungusha: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaondoka taratibu.

Alikuja na picha imefungwa ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya pindo la khanga. Ilikuwa picha ya rangi, ndogo kama kiganja, iliyopigwa studio Korogwe. Mume wake amesimama, shati jeupe, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti kitupu. Picha ilikuwa imezeeka kwa namna picha za miaka ile zinavyozeeka, rangi zote zimekimbia ukabaki wekundu tu, shati jekundu, ukuta mwekundu, na mwenyewe mwekundu. Hakuwa na nyingine.

"Nikuzie," alisema. "Nikuzie iwe kubwa kuliko sinia. Vitu vidogo sivioni tena. Nataka nimtazame mpaka macho haya yatakapokwisha."

Hakulia aliposema hivyo, wala hakutaka nimwonee huruma. Alisema kama mtu anayeagiza debe la mahindi. Lakini nilielewa kabisa ninachoombwa. Shangazi alikuwa anakimbizana na macho yake, na alikuwa amenichagua mimi nimpe kitu cha kuyatumia yaliyobaki.

Duka langu lina kiti kimoja chenye mgongo, na ni kile kilicho mbele ya kompyuta. Kuna pia stuli ya mbao, na maboksi ya karatasi ambayo vijana huyakalia. Sasa niambie, mtoto aliyelelewa Handeni atakaa kwenye kiti chenye mgongo, halafu dada wa baba yake amkalishe juu ya boksi? Hata mlevi hafanyi hivyo. Nikamkalisha shangazi kwenye kiti changu, mbele ya kioo, macho yake sawasawa na katikati ya kioo. Mimi nikasimama kando ya bega lake, nimeinama, mkono mmoja kwenye mausi, namtazama marehemu kutoka juu. Asubuhi nzima nilifanya kazi hivyo, mgongo unauma, na nikijisifu moyoni kwa adabu yangu.

Picha niliiingiza kwenye kompyuta, nikaanza kuutoa wekundu. Ulitoka vizuri. Ukuta ukarudi kuwa ukuta, shati likawa jeupe. Ila uso ulinisumbua. Kila nilipouangalia niliuona umepauka, kama mtu aliyepakwa unga. Nikautia giza kidogo. Bado unga. Nikautia giza tena.

Shangazi akasogeza uso karibu na nailoni, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mbona unamtia masizi?" aliuliza.

Nilimwambia simtii masizi, namrudishia rangi yake. Akasema rangi yake ilikuwa maji ya kunde, si hiyo. Akasema alikuwa akitoka jua la mkonge anabadilika kidogo, lakini akioga jioni anarudi maji ya kunde, na kwamba yeye anajua kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpelekea maji bafuni. Mimi kutoka kule juu nilimwona mtu mweupe kama karatasi. Nikaongeza giza mara ya tatu. Na hapo nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka napenda kujificha.

"Shangazi, hayo ni macho yako. Huku anaonekana vizuri."

Nilisema kwa upole, na upole huo ndio ulikuwa mbaya zaidi. Shangazi akaweka mikono mapajani. Akasema, "Labda," na baada ya hapo hakusema lolote juu ya rangi.

Hapa Handeni sina mashine ya kuchapa picha kubwa. Nikaituma kwa simu kwa bwana mmoja Korogwe anayechapa mabango na picha na kuzitia fremu, naye akaipakia kwenye basi. Nilipoifungua nilishtuka. Mtu niliyemwona kwenye fremu alikuwa mweusi wa mkaa, pua imezama, macho yametoka peke yake. Sikujilaumu hata sekunde moja. Nikasema hawa watu wa Korogwe wamezoea kuchapa mabango ya mikutano, sura ya binadamu wataijulia wapi. Nikasema wino wao ni wa kuchakachua. Nikasema mengi, peke yangu, dukani, kisha nikajiambia kwamba ukutani, kwenye mwanga wa dirisha, itapendeza.

Nikaipeleka Kwedizinga mwenyewe, kwa basi na kisha bodaboda, fremu nimeikumbatia kifuani. Nikaitundika kwenye ukuta wa sebule. Shangazi alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Akanishukuru, akasema nimehangaika sana, akanifungia muhogo na kuku mmoja. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Huyo kuku nilimla kwa wali.

Ikapita miezi minane, na katika miezi hiyo kila mtu alikuwa mjinga isipokuwa mimi. Kamati ya harusi moja ilikuja watu sita kuchagua rangi ya kadi. Kwa kuwa heshima ni heshima, mzee wao alikaa kwenye kiti, wengine wakajipanga pembeni na nyuma, mmoja akachuchumaa mbele ya meza. Mzee akasema zambarau. Wa kulia akasema hiyo ni buluu. Aliyechuchumaa akasema ninyi wote vipofu, mbona ni nyeusi. Waligombana mpaka likaingia suala la posho ya kikao kilichopita. Mimi nilisimama nyuma yao nikiwadharau, nikifikiri jinsi watu wa siku hizi wasivyojua hata majina ya rangi. Kadi zilipotoka hazikufanana na alichoona yeyote kati yao. Nikasema tena ni Korogwe.

Mwishowe nikaenda huko Korogwe kumpa yule mchapaji maneno yake. Nilikuwa nimeyapanga tangu kituo cha mabasi. Nilimkuta ni mtu mpole, mwembamba, anakula andazi juu ya kibodi, na aliniacha nimalize yote. Kisha bila kujibu alifungua kazi zangu moja moja kwenye kioo chake. Mume wa shangazi alitokea pale, mweusi wa mkaa, vile vile kama kwenye fremu. Yaani bwana yule hakuongeza wala kupunguza kitu. Alichapa nilichomtumia.

Akaniuliza kioo changu ni cha aina gani. Nikamwambia LED, inchi ishirini na saba. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia jina la ugonjwa. Akaniuliza nailoni nimeitoa, nikamwambia bado. Akaacha kula andazi.

Kisha akaniweka mbele ya kioo chake, akafungua ukurasa mweupe wenye kivuli cha kijivu na uso wa mtu, akaniamuru nikae, nisimame, nichuchumae, nihamie dirishani. Nilifanya yote, mwanamke mzima, nikipanda na kushuka kama mtu wa mazoezi. Uso ule ulibaki uso ule ule. Baada ya hapo akatoa kompyuta ndogo ya zamani, akafungua picha ile ile, akaniamuru tena. Nilipokaa uso ulikuwa sawa. Nilipochuchumaa ukageuka mweusi, macho yakawa meupe kama kwenye negativu ya filamu. Niliposimama, mbele ya macho yangu, uso ukapauka. Ukawa umepakwa unga.

Akanionyesha dirisha la ofisi yake, dirisha la luva, vile vipande vya kioo vinavyolala na kusimama. Alisema kioo cha kompyuta kina kitu kama hicho ndani, vijiti vidogo sana ndani ya majimaji, vinavyofungua na kuziba mwanga wa taa ya nyuma. Katika vioo vya rahisi, vinavyoitwa TN, luva hizo zimekaa kwa namna ambayo ukizitazama kutoka mbele unaona sawa, ukizitazama kutoka juu mwanga unapita ovyo na kila kitu kinapauka, ukizitazama kutoka chini zinaziba. Kuna vioo vingine, IPS, ambavyo vijiti vyake vinageuka vikiwa vimelala sambamba na uso wa kioo, hivyo popote unapokaa unaona kile kile. Ndivyo wanavyotumia watu wa picha. Alisema yote haya bila kupandisha sauti, na bila kuficha kwamba ananidharau, nami niliona ana haki.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Nikiwa natengeneza picha za watu, nakaa au nasimama? Nikamjibu kwa fahari, hata wakati ule bado kwa fahari, kwamba akija mtu mzima kiti nampa yeye.

"Basi wewe una adabu, kioo chako hakina," alisema. "Na aliyekuwa amekaa kwenye kiti, alisema nini?"

Aliyekuwa amekaa kwenye kiti alisema namtia masizi. Kati ya watu wawili tuliokuwa dukani asubuhi ile, yule mwenye macho mabovu ndiye aliyekuwa mahali pa kuona, na yule mwenye macho mazima alikuwa anatazama uongo kutoka juu na kumsahihisha mwenzake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na niliiona mbele ya mtu mwenye makombo ya andazi kidevuni.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa yule muuza kasuku. Kile cha mtumba cha inchi ishirini na mbili kilikuwa bado kipo, kimesogezwa chini, juu yake wameweka kikapu cha nyaya. Nikaomba kiwashwe. Nikamwambia azime kasuku wake, aniwekee ukurasa mweupe na picha ya mtu yeyote. Akaweka picha yake mwenyewe, kama nilivyotegemea. Nikasimama. Nikachuchumaa. Nikaenda upande wa kulia mpaka nikagonga jokofu. Wateja wawili waliacha kununua wakawa wananitazama mimi. Bwana yule alibaki vile vile kila pembe, na majivuno yake yote.

Alipoona ninachotaka, akataka kunisomesha tena. Akanivuta kwenye kioo kingine, akasema hiki ni VA, weusi wake ni weusi kweli, kizuri kwa filamu. Nilihamia pembeni, rangi zikafifia, nikamshukuru. Akanivuta kwenye OLED, ambayo kila nukta inawaka na kuzimika yenyewe bila taa ya nyuma, na nakiri ilikuwa nzuri mno. Lakini mchapaji alikuwa ameshanionya kwamba vioo hivyo ukiviachia kitu kimoja mahali pamoja mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, kinaacha alama isiyofutika, na mimi ukurasa wangu wa barua haubanduki kuanzia asubuhi hadi jioni. Nikarudi kwenye mtumba. Akaniambia, kwa sauti ya kunihurumia, kwamba mtu wa grafiki hawezi kutumia kioo kidogo hivyo. Nikamwambia mimi nina steshenari.

Kazi ya pili niliifanya nimekaa, mbele ya kile cha mtumba. Nilifunga mlango wa duka, nikakaa kwenye kiti, nikaanza upya na ile picha nyekundu niliyokuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta. Safari hii sikuhitaji kumtia giza. Wekundu ulipoondoka uso ulibaki wenyewe, wa kahawia iliyotulia, na chini ya jicho la kushoto kukatokea kovu dogo ambalo mara ya kwanza nililizika ndani ya masizi. Nililikumbuka lile kovu. Nilikuwa mtoto, alinibeba, nikaliweka kidole. Yule mchapaji wa Korogwe aliichapa bila kubadilisha kitu, akaitia fremu, akakataa kuzungumza nami zaidi ya salamu.

Nilimkuta shangazi barazani anapukuchua mahindi. Vidole vilikuwa vinakwenda kasi, uso umeelekea barabarani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaongeza kwamba alishanijua kwa mwendo wa viatu. Nilisimama pale na fremu yangu nikijaribu kutolielewa neno hilo.

Nilimwambia nimekuja na picha nyingine. Nilimwambia ile ya kwanza niliikosea, kwamba yeye ndiye aliyesema kweli na mimi ndiye sikuwa naona. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya luva na vijiti na majimaji. Hakuuliza. Alifuta mikono kwenye khanga, tukaingia ndani. Akaipokea fremu, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akaileta karibu mpaka pua ikagusa kioo. Kisha akanirudishia.

"Amefanana?" aliuliza.

"Amefanana, shangazi."

"Maji ya kunde?"

"Maji ya kunde. Na kovu lake lipo."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi mtundike. Yule mgeni mshushe. Nilimvumilia kwa sababu umemleta wewe."

Nikapanda juu ya stuli kumshusha mgeni. Miezi minane. Macho aliyokuwa ameyabakiza aliyamaliza kwa kumtazama mwanamume asiyemjua, kila asubuhi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa kumwambia mara ya pili mtoto wa mdogo wake kwamba amekosea ingekuwa kumwaibisha. Na mimi nilikuwa nakula kuku wake nikilaumu wino wa Korogwe.

Nikamtundika mume wake kwenye msumari ule ule. Shangazi alivuta kiti chake, akakaa, akatengeneza khanga mabegani kama mtu anayesubiri kupigwa picha, akainua uso. Uso wake ulikuwa umeelekea upande wa dirisha, hatua nzima kutoka picha ilipo. Akatazama pale, ukuta mtupu, akatulia, midomo ikalegea kidogo kama inataka kucheka.

Nilimshusha mume wake, nikang'oa ule msumari, nikatafuta jiwe nje, nikaupigilia upya pale alipokuwa anatazama.